Ubavu wa Kulia

Ilinijia kwa mkokoteni kutoka Maweni,
imelazwa chali, miguu imefungwa kamba kando.
Jefwa aliyeisukuma akaigonga ubavuni:
"Jeneza la Mtaliano gani hili?"
Nikamwambia ni flipa. Akacheka. Alizaliwa juzi.

Mimi naijua. Ilisimama kwenye baa karibu na ile mivinje,
na baba yangu, Tsuma, alifagia pale miaka kumi na mmoja.
Alfajiri, mwenye baa bado amelala,
alicheza mchezo mmoja. Mmoja tu,
kwa sarafu aliyoitoboa akaifunga uzi.

Leo nimeifungua.

Kasha ni msonobari, mbao laini ya nchi za baridi.
Mchwa wa Malindi wamekula nyama, wakabakiza rangi.
Nilibonyeza, kidole kikazama chote.
Miguu ni chuma. Aliyeipaka kromi
alidhani kromi ni ahadi.
Chumvi haina haraka: hupata tundu la skurubu,
hukaa humo kama mpangaji asiyedaiwa,
siku moja unainua mguu, unabaki na ganda.

Mipira ya vikono imekauka, imekuwa unga;
nimekata mingine kwa tyubu ya baiskeli.
Plastiki zimejikunja, zina njano ya meno ya mla tumbaku.
Kioo ni kizima, ila rangi ya mgongoni inabanduka:
yule mwanamke wa sarakasi
amebaki na mkono mmoja na nusu ya tabasamu.
Sitamchora upya. Sijui alikuwa akimcheka nani.

Lakini uwanja!
Mti mweupe, mgumu, jina lake silijui,
tabaka juu ya tabaka, moja kwa urefu, moja kwa upana,
kila moja inamzuia mwenzake asipinde.
Vanishi imepasuka kama matope ya Sabaki mwezi wa pili,
chini yake mbao imenyooka kama siku ya kwanza.

Koili saba. Sita zapitisha umeme.
Ya saba iliungua zamani, karatasi yake bado yanuka moshi.
Ncha za fedha, ndogo kama punje za mtama,
nimezipangusa kwa kipande cha kadi ya harusi,
si kwa msasa. Fedha ukiisugua sana huisha.

Na ndani, upande wa kushoto, timazi.
Timazi hasa, kama ya mwashi:
kizito kinachoning'inia katikati ya pete.
Ukiisukuma mashine kwa hasira, kizito hugusa pete,
mchezo umekwisha.
Baba alisema hakuizima hata mara moja.
Aliisukuma kama unavyomgeuza mgonjwa kitandani.

Ubavu wa kulia pana doa la upana wa kiganja.
Rangi imetoka, mbao imebonyea kidogo, inateleza.
Wamecheza mamia hapo, najua, doa ni la wote.
Mchwa walikula mpaka ukingoni mwake wakarudi.
Labda jasho. Labda chumvi, ile ile.

Shekuwe wa mkahawa mpya anataka kila kitu king'ae.
Nimemtengenezea kasha la mbambakofi, zito,
mchwa atavunja jino.
Ubavu wa kulia nimeuacha, nikauunga kwa ulimi na mfereji.
Akauliza mbona rangi mbili.
Nikamwambia mbao iliisha.

Gololi niliipata chini kabisa, kwenye vumbi la mchwa,
ina kutu kidogo, alama kama kiroboto.
Nikaifuta kwa upindo wa leso.
Nikaivuta springi, nikaiachia.
Kengele ikalia, na Jefwa, aliyefuata pesa zake,
akasimama mlangoni. "Nipe nami."

Akaisukuma kwa bega zima.
Taa zote zikazima.

Polepole, nikamwambia.
Weka kiganja hapa.